Milimita Moja ya Qaloda

1

Barua ya Lazaro Gwandu ilifika Babati mwishoni mwa Agosti 2067, ikiwa imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la shule. Taasisi ya Makisio ya Mvua haikuwa na utaratibu wa kupokea barua za mkono, kwa hiyo ilizunguka ofisi tatu kabla ya kuangukia mezani kwa Leokadia Ombay, mhakiki mkuu wa modeli.

"Ndugu wataalamu," iliandikwa, "mimi ni mkulima wa Endasiku, mraba wenu namba 1152. Mmesema mvua yetu ni milimita mia tano ishirini na moja, mkatuletea mbegu ya mahindi ya miezi mitano. Mwaka wa kwanza yalikauka yakiwa yamebeba. Mwaka wa pili yalikauka yakiwa kifuani. Mwaka huu hayakufika hata magotini. Mbegu hii ni ya watu wenye mvua. Naomba mje mtuonyeshe hiyo mvua iko upande gani wa kijiji."

Leokadia alicheka alipofika sentensi ya mwisho. Kisha akafungua mraba 1152 kwenye skrini, na kicheko kikaisha.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, kumi kati ya hiyo ameitumia hapo Babati. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Modeli kubwa za dunia ziligawanya sayari katika miraba ya kilomita mia moja, na mraba wa namna hiyo unameza mlima mzima ukabaki kama tuta la viazi. Modeli ya kikanda ilichukua upepo na unyevu kwenye kingo za modeli ya dunia, ikaanza hesabu upya ndani ya miraba ya kilomita nne. Humo mlima ulikuwa mlima. Upepo wa mashariki uliupanda, ukapoa, ukaangusha mvua upande mmoja, ukashuka upande wa pili ukiwa mkavu. Endasiku ilikuwa upande wa pili. Qaloda, kijiji cha juu yake kidogo, pia.

Tangu Sheria ya Miraba ipitishwe, kila baada ya miaka mitatu Taasisi ilitoa Tangazo: namba moja kwa kila mraba, wastani wa mvua ya mwaka kwa miaka thelathini ijayo. Juu ya mia tano, mraba ulipewa mbegu ya mahindi ya muda mrefu. Chini ya hapo, mtama na uwele. Chini ya mia nne na hamsini, mraba ulifungwa. Shule iliondolewa, zahanati iliondolewa, na watu walikuwa na miezi sita ya kuhamia makazi mapya ya mashariki.

Leokadia aliita picha za shamba zilizopigwa kutoka angani kwa miaka mitatu. Bwana Gwandu alisema kweli. Mahindi ya Endasiku yalikuwa yamekufa kila mwaka, na bado modeli ilisema milimita mia tano ishirini na moja.

Akaiondolea modeli masahihisho yake, ibaki uchi. Ikasema mia nne sabini na mbili.

Kwa hiyo kosa halikuwa ndani ya modeli. Lilikuwa kwenye masahihisho. Modeli yoyote ina upande inaoegemea, nyingine hupenda mvua, nyingine huibania, na dawa yake ni kuilinganisha na mvua halisi iliyokusanywa chini. Satelaiti zilikuwepo za kutosha, lakini satelaiti huona wingu. Haioni kama tone limefika ardhini au limekauka njiani. Vipimamvua vya mitambo vilivyowekwa nyuma ya mlima viliibwa betri zote ndani ya mwaka mmoja. Kilichobaki kwa miraba tisa kilikuwa kipimamvua kimoja cha mkono, katika uwanja wa Shule ya Msingi Qaloda, kinachosomwa na mtu yuleyule kwa miaka thelathini na moja: Mwalimu Paskalina Margwe.

Leokadia alipanga rekodi za Mwalimu kwa ukubwa. Tangu 2036 hadi katikati ya 2058, siku moja kati ya kila tano za mvua ilikuwa ya manyunyu, nukta nne, nukta sita, mvua isiyotosha kulowanisha shati. Kuanzia Novemba 2058 manyunyu yalitoweka. Mvua ndogo kuliko zote katika miaka tisa ilikuwa milimita moja nukta mbili.

Mawingu hayaachi tabia kwa mkupuo hivyo. Mtu alikuwa anaongeza milimita moja kwenye kila siku ya mvua.

Akasahihisha kwa kukisia, akaitoa ile milimita, akaendesha upya miraba yote tisa. Endasiku ilishuka hadi mia nne sabini na mbili, namba ya kulima mtama. Qaloda ilishuka kutoka mia nne themanini na sita hadi mia nne thelathini na nane.

Zilikuwa zimebaki siku thelathini na tatu kufika Tangazo.

2

Alifika Qaloda siku ya Alhamisi, dakika chache kabla ya saa tatu asubuhi. Mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, sweta la kijivu na viatu vya raba alikuwa anafungua kigeti cha uzio mdogo katikati ya uwanja wa shule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nisubiri kidogo, saa imefika."

Mwalimu Paskalina aliinua faneli, akatoa chupa, akaiinamisha juu ya bilauri ya vipimo. Hakikutoka kitu. Alichuchumaa, akaiangalia bilauri tupu kwa jicho moja kana kwamba imejaa, kisha akaandika kwenye daftari: 0.0.

"Kiangazi chote unaandika sifuri?" Leokadia aliuliza.

"Sifuri nayo ni kipimo. Nisipoiandika, atakayesoma hatajua kama haikunyesha au mimi nililala."

Leokadia alijitambulisha na kueleza ametoka wapi. Mwalimu alimkaribisha kwenye baraza la nyumba yake nyuma ya madarasa, akampa uji wa uwele, akauliza habari za barabara. Leokadia alikunywa nusu kikombe kabla ya kutoa kompyuta yake na kumwonyesha mchoro.

"Mwalimu, hapa pana miaka ishirini na mbili ya mvua zako. Hizi fupi za kushoto ni manyunyu. Na hii ni miaka tisa ya mwisho."

Mwalimu aliutazama mchoro kwa muda. Alikuwa amefundisha jiografia maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa.

"Manyunyu," alisema. "Sikuyafikiria manyunyu."

Hakukana, na hakuonekana kutafuta pa kujificha. Aliondoa vikombe mezani, akakaa tena.

"Unaijua Gisambal?" aliuliza.

"Ndiyo." Leokadia aliijua vizuri sana. Mraba 1146, mia nne arobaini na sita. Ulifungwa mwaka 2058.

"Binti yangu Katarina aliolewa Gisambal. Wakati ule Tangazo lilikuwa likitoka Januari; namba ilipotangazwa walipakiwa kwenye malori na mbuzi wao, wakapelekwa Makazi Namba Saba. Kule ni bondeni, kuna joto na mbu. Sisi watu wa huku juu hatukuzoea malaria ya namna ile. Mjukuu wangu Ezekia alikufa wiki ya tisa. Alikuwa na miaka minne." Alisema hayo kwa sauti ileile aliyoulizia habari za barabara. "Gisambal ilikosa milimita nne. Vipimo vilivyotumika vilikuwa vyangu, vya kweli, nukta kwa nukta. Nikajiambia, kama milimita nne zinahamisha watu, milimita zinaweza kuwabakisha. Mvua ya kwanza ya Novemba ilikuwa kumi na moja nukta tatu. Niliandika kumi na mbili nukta tatu."

"Na wanakijiji wanajua?"

"Wanajua mvua yao. Mbegu ya mtama ikija tunaipokea, hatuipandi. Tunapanda uwele wetu. Kuna miaka tunavuna, kuna miaka tunauza mbuzi. Hakuna mtu aliyekufa njaa hapa tangu nianze kuongeza." Akamtazama Leokadia usoni. "Nimemwibia nani?"

Leokadia alitoa barua ya Lazaro Gwandu mfukoni, akaiweka mezani.

Mwalimu aliisoma. Akaigeuza kuona kama nyuma kuna maandishi, akaisoma tena.

"Endasiku wanatumia kipimo chao," alisema.

"Kiliibwa betri mwaka 2060. Wanatumia chako. Miraba tisa inatumia chako, Mwalimu. Wao hawana mtu wa kuwaambia namba ya kweli ni ipi. Walipanda mahindi kwa sababu wewe ulisema mvua ipo."

Uso wa Mwalimu ulibadilika kidogo kidogo. Aliikunja ile barua kwa mikunjo yake ileile, akairudisha, kisha akakaa mikono ikiwa mapajani. Darasa moja lilianza kuimba jedwali la tisa, likafika mwisho, likarudia.

"Mmoja wenu angeniambia," alisema hatimaye. "Mngeandika hata barua, kwamba namba zako sasa zinatumika mpaka huko. Ningejua."

"Ungeacha?"

"Sijui." Alifikiri. "Ningewatumia mtu."

Aliingia ndani, akarudi na madaftari tisa yaliyofungwa kwa kamba ya katani. "Nimeandika zote mbili, ya kwenu na ya kweli. Sikuweza kuitupa namba ya kweli. Ni kama kumfuta mtoto kwenye rejista wakati yupo darasani." Lakini hakumpa. Aliyashikilia kifuani. "Nikikupa haya, Qaloda inakuwa ngapi?"

"Mia nne thelathini na nane."

"Una hakika?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumwuliza Leokadia, hata katika vikao vya Taasisi. Watu waliuliza namba, wakaandika, wakaenda.

"Tunaendesha modeli mara kumi na mbili," alisema polepole. "Kila mara tunaanza na bahari yenye joto tofauti kidogo, maana hakuna anayejua bahari ya mwaka 2090 itakuwaje. Kila safari inatoa jibu lake. Kwa Qaloda, jibu la chini ni mia tatu sabini na moja. La juu ni mia tano na tisa. Mia nne thelathini na nane ni la katikati."

"Kwa hiyo hamjui."

"Tunajua kwamba ni kavu na panazidi kuwa pakavu. Kama ni juu ya mstari au chini yake, hapana. Hatujui."

"Na Gisambal ilikuwa hivyo hivyo?"

"Ndiyo."

"Nani alisema inatosha kuwafunga?"

Leokadia alifunga kompyuta yake. "Fomu ina saini mbili," alisema. "Moja inasema makisio yanafaa kugawia mbegu. Nyingine inasema yanafaa kuamulia kufunga mraba. Mhakiki anasaini zote. Gisambal ilikuwa ya kwanza kwangu. Nilisaini mimi."

Darasa lile lilikuwa limenyamaza. Mwalimu Paskalina aliweka madaftari mezani, katikati yao, akayaachia.

"Yachukue," alisema. "Watu wa Endasiku wapate mbegu yao. Lakini kwanza nipeleke kwa huyu Gwandu."

3

Ulikuwa mwendo wa dakika arobaini kushuka kwa gari la Leokadia. Mabua ya mahindi yalisimama mashambani hadi karibu na barabara, mafupi, ya rangi ya mchanga, ng'ombe wakiwa ndani yake. Lazaro Gwandu walimkuta anarekebisha boma la kondoo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mpole wa sauti. Alifurahi kwamba barua yake imejibiwa na mtu mzima mwenye miguu.

Mwalimu Paskalina hakungoja kukaribishwa. Alisimama palepale bomani, akamwambia jina lake, akamwambia alichofanya, kwa miaka mingapi na kwa nini. Hakupunguza kitu. Leokadia alisimama kando akiwa hajui aweke mikono wapi.

Gwandu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaacha nyundo, akaingia ghalani, akatoka na gunia ambalo halikufika hata nusu. Alilimimina chini mbele ya miguu ya Mwalimu. Magunzi. Baadhi yalikuwa na punje tano, sita, kama meno ya mzee.

"Haya ni ya ekari nne," alisema. "Mwaka wa pili mke wangu alienda kukaa kwa kaka yake Singida na watoto wadogo, ili wale. Bado yuko huko. Wewe ulikuwa unafikiria watu wako."

"Ndiyo."

"Mimi si mtu wako."

"Sikujua namba zangu zinafika hapa. Lakini sikuuliza pia," Mwalimu alisema. "Nimekuja kusema hilo. Sina lingine."

Gwandu alianza kuokota magunzi, moja moja, akiyarudisha kwenye gunia. Mwalimu aliinama ili amsaidie. "Acha, mama," alisema Gwandu, bila ukali. "Acha tu." Akaendelea peke yake. Alipomaliza alimgeukia Leokadia. "Mwaka huu nitapata mtama?"

"Utapata."

"Kabla ya mvua?"

"Kabla ya mvua."

"Basi mwende salama," alisema, akachukua nyundo yake.

Njiani kurudi Qaloda Mwalimu alilia, akitazama nje ya dirisha, na Leokadia aliendesha polepole ili wasifike mapema.

4

Leokadia aliingiza madaftari yote tisa kwenye mfumo, siku kwa siku, kwa wiki mbili. Namba hazikutofautiana sana na alizokisia. Endasiku mia nne sabini na mbili. Qaloda mia nne thelathini na tisa sasa, badala ya thelathini na nane.

Siku ya Ijumaa alikaa na kufanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alitumia vipimo vya kweli kwa miraba minane, na vya uongo kwa mmoja. Ilichukua dakika sita. Endasiku walipata mtama wao, na Qaloda ilibaki mia nne themanini na sita, shule yake ikisimama, zahanati yake ikisimama. Hakuna ambaye angeumia. Aliuangalia ukurasa ule na kuona ni mzuri. Alihifadhi faili, akaenda kula.

Mezani kwenye kantini aligundua kwamba anatunga maelezo ya kumjibu mkaguzi ambaye hajaja. Yalikuwa yamenyooka, na kila sentensi yake ilikuwa ya uongo. Mwalimu Paskalina naye alianza na milimita moja, na nia yake ilikuwa safi kama hii. Leokadia aliacha chakula, akarudi, akaifuta faili. Hakujisikia shujaa. Alijisikia kama mtu aliyewanyang'anya watu elfu saba wa Qaloda nyumba zao kwa sababu ya usafi wake mwenyewe.

Siku tatu kabla ya Tangazo alimpelekea fomu Mkurugenzi, Dakta Elifasi Ntandu. Fomu zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, moja kwa kila mraba wa ukanda. Dakta Ntandu alifungua ya kwanza, ya pili, ya kumi, kisha akavua miwani.

"Umesahau saini ya pili."

"Sijasahau, Mkurugenzi."

"Kwenye Qaloda ningekuelewa. Nimesoma taarifa yako. Lakini hizi zote?"

"Zote ziko vilevile. Tofauti kati ya jibu la juu na la chini ni zaidi ya milimita mia. Mstari wa sheria una upana wa milimita moja. Namba zinafaa kwa mbegu. Tukikosea mbegu, mtu anapoteza msimu na mwaka unaofuata tunasahihisha. Tukikosea kufunga, hakuna wa kusahihisha."

Dakta Ntandu alikuwa mtu mzito, asiyepaza sauti. Aliinuka akafunga mlango.

"Ulizaliwa mwaka gani, Leokadia?"

"Ishirini na nane."

"Mlikuwa Mbulu juu, kwenye mvua. Mimi nilikuwa Singida kijijini miaka ile mitatu ya ukame, arobaini na nne hadi arobaini na sita. Watu walikataa kuhama. Kila mwaka walisema mwaka kesho utanyesha, na hakuna aliyekuwa na namba ya kuwaambia hapana. Nimezika wadogo zangu wawili kwa mikono hii. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sheria hii iliandikwa na watu waliozika watoto." Akakaa. "Mraba mmoja tukiuacha wazi na ukakauka, hao watakaokufa nao utawaita tofauti kati ya juu na chini?"

Leokadia alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Sijui nitawaitaje," alisema. "Ninachojua ni kwamba fomu inaniuliza kama namba hii inatosha. Haitoshi. Sheria ikitaka kuwahamisha watu, iwahamishe kwa kusema tunaogopa, si kwa kusema tunajua. Wapelekewe majibu yote kumi na mawili, waone, wachague. Atakayetaka kuhama apewe lori. Atakayebaki apewe kisima."

"Na arobaini na moja ulizosaini huko nyuma?"

"Nimeandika barua. Iko chini ya fomu."

Aliitafuta, akaisoma. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba mhakiki Leokadia Ombay alisaini ufungaji wa miraba arobaini na moja kati ya 2058 na 2064, kwamba makisio ya miraba hiyo hayakutosha kwa uamuzi huo, na kwamba alilijua hilo aliposaini.

"Ulilijua?"

"Nililiona kwenye skrini kila mara. Kila aliyenitangulia alisaini, na mimi nikasaini."

Dakta Ntandu aliirudisha barua ndani ya bahasha kwa uangalifu. "Nitalazimika kukusimamisha kazi," alisema.

"Najua."

"Na nitalazimika kuipeleka." Akaiweka bahasha mezani. "Ningeweza kuipoteza. Nataka ujue kwamba nimefikiria kuipoteza."

Aliipeleka siku hiyohiyo.

5

Tangazo la 2067 lilitoka na nusu moja tu. Mbegu ziligawanywa. Kufunga kulisimamishwa katika ukanda wote hadi tume itakapokaa, na tume ilikaa mwezi wa Februari, siku nane, katika ukumbi wa halmashauri Babati. Leokadia aliulizwa kwa siku mbili. Mwalimu Paskalina aliulizwa kwa saa moja, akakiri kila kitu, akavuliwa kazi ya kupima mvua. Kesi yake ya kughushi rekodi iliisha kwa onyo, kwa sababu ya umri wake na madaftari tisa. Lazaro Gwandu naye aliitwa. Alipoulizwa angependa Mwalimu afanywe nini, alisema hana la kusema juu ya hilo, yeye alikuja kueleza kuhusu mahindi.

Watu wa Makazi Namba Saba walijaa viti vya nyuma kila siku. Katarina Margwe alikuwa miongoni mwao, ana sura ya mama yake na urefu wake. Siku Leokadia aliposema mbele ya tume kwamba Gisambal ilifungwa kwa namba isiyotosha, hakuna aliyepiga kelele. Mwanamume mmoja alitoka nje na kofia yake mkononi, akasimama uani mpaka kikao kikaisha.

Tume haikufuta sheria. Ilibadilisha vifungu viwili na kuahidi kutazama vingine. Kuhusu waliokwisha kuhamishwa ilisema "hali yao itaangaliwa", na watu wa Gisambal, waliokuwa wameangaliwa kwa miaka kumi, hawakungoja. Mwezi wa Oktoba kaya sitini na tatu zilipanda mlima kwa miguu na kwa punda, zikarudi mraba 1146, ambako hakukuwa na shule, zahanati wala jina kwenye ramani mpya.

Leokadia alikwenda huko mwanzoni mwa Novemba. Hakuwa na kazi, na hakuna aliyemwita. Alikuta mapaa mengi yameanguka na miiba imejaa mashambani. Katarina alikuwa anang'oa visiki kwa jembe la mkono katika kiwanja kilichokuwa chake, na alipomwona hakuacha.

"Umekuja kupima?"

"Hapana. Nimekuja kusema pole kwa ajili ya Ezekia. Nilitakiwa nije zamani."

Katarina alipiga jembe mara tatu, nne. Kisiki kilikuwa na mizizi mirefu. Alipumzika akiegemea mpini, jasho likimtoka shingoni, akamtazama Leokadia kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

"Siwezi kukuambia nimesamehe," alisema. "Bado sijui kama nimesamehe."

"Sikuja kuomba hilo."

"Basi niambie kitu kimoja, na usinipe namba ya katikati. Nikikaa hapa nitavuna?"

Leokadia alikuwa amelijibu swali hilo kwa mashine kwa miaka kumi, kwa milimita na nukta za milimita. Hakuwahi kuombwa alijibu mbele ya mtu mwenye jembe.

"Ukipanda uwele," alisema, "kati ya miaka kumi utavuna sita. Labda mitano. Ile mingine minne au mitano hutapata kitu, na inaweza kufuatana miwili. Ikifuatana mitatu itabidi mwondoke, na hakuna anayeweza kukuambia itafuatana lini. Wala mimi."

Katarina alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayepimiwa unga dukani na anataka kuuona mzani. Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza: mbuzi wangapi, ghala la ukubwa gani, nani wa kupelekwa wapi mwaka mbaya ukija.

"Sita," alisema.

"Labda mitano."

"Nimesikia." Akashika jembe tena, akatafuta mahali mzizi ulipopinda. "Kule bondeni hakuna aliyetuambia hata jambo moja. Kamata hapo, uvute nikikata."

Leokadia alivua viatu, akashika.